Pini Moja kwenye Ramani

Kwako mdogo wangu Kibata,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini kile kikohozi cha kinamasini kimekuachia na shemeji hajambo. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unaonilalamikia. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula.

Kifurushi chako kimefika salama. Ndago zako za majini umezibana vizuri ndani ya magazeti: mizizi yote ipo, mashina hayakuvunjika, ukungu hakuna. Mkuu wetu hapa kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa alizipitisha meza hadi meza kama mtu anayeonyesha picha za mjukuu. Alisema hajaona sampuli safi namna ile tangu aanze kazi hapa. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake na brashi ya gundi mkononi. Mtunza stoo, ambaye ulimi wake hauna breki, akaniuliza kama ni gundi iliyonikunja uso. Kisha akanikumbusha kwamba mabuti yangu bado yako nyuma ya mlango, na siku hizi anayeyavaa ni buibui.

Unaijua ile ramani ya ukutani, yenye pini kila mahali mmea adimu ulipochumwa. Kwa aina hii ya ndago uliyoileta ilikuwa na pini moja, na pini hiyo ni yangu. Ndago yenyewe niliichuma wewe hujajua kuogelea, kwenye kidimbwi ambacho baadaye kilifukiwa ikajengwa gereji. Kila mgeni huonyeshwa pini ile, nami hujifanya nimezama kazini. Sasa umekuja wewe na kinamasi kizima. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea.

Mkuu akanipa mimi kazi ya kuthibitisha, maana jina la mmea halipiti mpaka mtu wa pili atie sahihi. Alisema kinamasi chako kimo kwenye mpango wa kukaushwa, na bila sahihi hiyo hana hoja ya kukitetea kwa wakubwa. Nikakaa kwenye hadubini nikitafuta kosa lako. Nasema kosa, kwa sababu ndilo nililolitaka.

Ndago hii na ile ya kawaida zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Kinachozitenga ni mbegu iliyokomaa: ya adimu imezungukwa na vinyweleo vigumu vinavyoizidi urefu, ya kawaida haina hata kimoja. Mbegu zako zina vinyweleo. Nikazigeuza, nikafuta kioo, nikaangalia tena. Vilikuwepo.

Nikaona basi nizilinganishe na yangu. Niliitoa kabatini nikafungua kile kibahasha cha pembeni kinachohifadhi vinavyodondoka. Hakuna aliyewahi kukifungua, kwa kuwa kila mtu aliniamini, na wa kwanza nikiwa mimi. Niliichuma changa, nikaipa jina kwa kutazama mashina tu. Lakini mbegu chache zilikuwa zimekomaa na kudondoka. Ni laini kama mayai.

Kibata, niliyoichuma mimi ni ndago ya kawaida, ile inayoota kwenye kila mtaro. Yako ndiyo ya kwanza.

Unajua desturi yetu: lebo ya zamani haibanduliwi. Mpya hubandikwa chini yake, na kosa linabaki pale likisomwa na kila atakayekuja. Mkuu alijitolea kuniandikia yeye. Nilikataa. Jina langu liko juu, na jina langu liko chini. Yako niliitia sahihi kwanza, kabla sijabadili nia.

Usidhani wivu umekwisha. Mtunza stoo alipoihamisha pini kutoka kwenye gereji, nilitoka nje kunywa maji. Niliporudi nikakuta ameichomeka nchi kavu, nikamwambia aisogeze mpaka majini.

Msalimie shemeji, na uvae sweta, ni agizo la Mama. Safari ijayo usiingie kinamasini kabla sijafika. Buibui nimeshamfukuza.

Wako,
Dada