Doa Chini ya Jino la Mama Mkwe

Nusura nimng'oe mama mkwe mtarajiwa jino zima. Zima kabisa, ndugu yangu.

Eksirei ilionyesha doa jeusi chini ya mzizi. Mimi, mwanafunzi wa udaktari wa meno, nikamwambia kwa utulivu wa msomi, "Mama, huo ni usaha." Nikamchoma ganzi.

Daktari mkuu akaagiza picha ya pili, ya upande kidogo. Doa likauacha mzizi likasogea pembeni. Usaha wa jino hauhami mzizi wake, hata picha ipigwe kutoka upande gani. Lilikuwa tundu la taya linalopitisha neva, ambalo kila binadamu analo.

"Ganzi umeichoma wapi?" akaniuliza.

Kwenye tundu hilo hilo. Nililitafuta kwa kidole, nikalipata, ilhali kwenye picha nilikuwa nimeliita ugonjwa.

Mama alisikia yote. Mdomo ukiwa umemlegea kwa ganzi, akasema, "Jino sikupi, mwanangu. Na binti nitafikiria upya."