Masahihisho ya Acen

Kyebando, Kampala

Dada Zuhura,

Shikamoo. Mgongo wa mama unaendeleaje, na wewe kile kifua kimetulia? Mimi mwili mzima, ila roho imenichafuka, acha nikumwagie wewe.

Si nilikwambia shule imenipa hesabu za kidato cha tano? Tulitoa jaribio: mchoro wa y = (x² + 1)³, wanafunzi watafute mstari unaougusa pale x ni 1. Hapo ni kanuni ya mnyororo: unatafuta mteremko wa nje ya mabano, kisha unazidisha kwa mteremko wa ndani. Mkuu wa idara akaandika mwongozo wa kusahihisha, akasahau ya ndani! Badala ya mteremko wa 24 akapata 12. Nikamwuliza, akaniita nnyabo, ndiyo "bibi" ya Kiganda.

"Nnyabo, wewe fuata tu mwongozo. Hii kitu mimi nafundisha miaka mingi."

Nami, mgeni mwenye mkataba wa muhula mmoja, nikasahihisha kama alivyotaka. Ptuu!

Darasa alilifundisha yeye kabla yangu, wakajaza 12 zake. Aliyepata 24 ni Acen peke yake, binti wa askari polisi, amejisomea kitabuni. Nikampa sifuri. Na hapa ukifeli jaribio hili unatolewa kwenye hesabu, wakati huyu mtoto anataka uhandisi, hataki kingine.

Ijumaa nikachukua karatasi ya miraba, nikachora mchoro na mistari yote miwili, nikamwekea mkuu wa idara mezani mbele ya walimu wenzake. Wa kwake umeukata mchoro kama kisu kwenye andazi. Wa Acen umegusa tu ukapita. Akatazama, akakuna kidevu.

"Kumbe. Badilisha alama."

Basi! Hata samahani hana, mwanamume yule!

Nikamwita Acen, nikamwambia alikuwa sahihi, anabaki kwenye hesabu. Hakucheka. Akafungua daftari. Shuleni kwetu ukikosa swali unaandika masahihisho mara ishirini. Mara ishirini, dada, mwandiko safi, zote 12. Chini yake nilikuwa nimeandika mimi mwenyewe kwa wino mwekundu: "Vizuri."

"Madamu," akauliza, "sasa niandike tena?"

Nilikosa pa kuuficha uso. Nikamwambia hapana, nitaandika mimi. Daftari lake liko hapa, nimefika 24 ya saba, kwa hiyo naishia hapa.

Mbusie mama mkono, msalimie shemeji Bakari, na mjomba fundi cherehani.

Mdogo wako,
Mwanahawa