Chapati Moja Haina Robo Kumi

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa jambo ambalo nilimficha hata mke wangu mpaka nikamzika: mimi, mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye majirani hapa Makongeni humletea barua zao za Kiingereza azisahihishe, sijui kutoa sehemu, zile hesabu za nusu na robo, na nimeandika hivyo tu nikahisi kifua kimelegea, kifua hiki hiki ambacho daktari amesema hakitanifikisha mbali.

Nilifundisha Kiingereza na Jiografia, na kila hesabu iliponikaribia nilimwachia mwenzangu nikisema nina mkutano, kwa hivyo hakuna aliyejua, lakini mjukuu wangu Njambi, wa Gredi ya Tano, ambaye huniita Guka, yaani babu, huja kwangu Jumamosi kutoka Ruiru, na muhula huu aliniletea tatu na robo kutoa moja na robo tatu, akiwa amepata moja na nusu, nami nikamkata kwa kalamu nyekundu, nikamwambia robo moja haitoshi kutolewa robo tatu, basi kopa moja kwa ile tatu, na ukikopa unapata kumi, ukijumlisha ile robo iliyokuwepo ni robo kumi na moja, toa tatu zinabaki nane, ambazo ni mbili nzima, ongeza moja iliyobaki, jibu ni tatu.

Alinitazama. "Guka, chapati moja itatoa robo kumi aje?"

Nikamwambia asibishane na mwalimu, naye akaniamini, akaenda mtihani akakopa kumi kila mahali, na mwalimu wake alipouliza nani kamfundisha hivyo alikataa kunitaja, akasema yeye husahau tu, akahamishiwa meza ya wanaofundishwa polepole, na sasa anasema hesabu si zake. Mamake, binti yangu Wanja, alipojua alinionea huruma, akashauri tumwambie mtoto kwamba dawa za moyo zilinichanganya. Nikikubali, mtoto atanikumbuka vizuri. Nikubali?

Guka, Makongeni

Mzee wangu, pole kwa kuugua. Sasa nikukaripie kidogo, maana umri wako haunizibi mdomo. Mtoto amekubali kuonekana mzito wa akili ili jina lako lisiguswe, nawe unaniuliza kama umwongezee uongo? Dawa ziache zitibu moyo.

Keti nikufundishe. Ukikopa kwenye namba za kawaida unapata kumi kwa sababu tunazipanga kwa makumi. Kwenye sehemu, ile moja uliyokopa unaikata kulingana na namba ya chini: kwenye robo inatoa robo nne, kwenye thuluthi inatoa thuluthi tatu. Robo nne na ile moja ni tano, toa tatu zinabaki mbili, yaani nusu. Ile tatu iliyokopwa imebaki mbili, toa moja. Moja na nusu. Ulimkata mtu aliyepata.

Jumamosi Wanja apike chapati, muweke mezani tatu na robo. Kisu mpe Njambi, wewe uwe mwanafunzi. Usimhubirie. Mwambie ukweli kwa mdomo wako, mamake akisikia, na Jumatatu mwalimu apigiwe simu aelezwe kosa lilitoka kwa nani. Hofu ya kudharauliwa naielewa, lakini huyo mtoto tayari amekulinda bila kuombwa. Hatakuacha kwa sababu ya robo.

Ngendo

Mzee ametuandikia tena, na ametuomba tuchapishe:

Mshauri, nimelala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa muda. Jumatatu Wanja alipiga simu, na Njambi amerudi meza yake. Lakini nikueleze ya Jumamosi. Njambi alinikatia chapati mpaka nikaelewa, akisema nikikosa sili, na nilipokosa mara ya kwanza kweli aliisogeza sahani. Mara ya pili nilipata, tukacheka wote mpaka Wanja akanikumbusha kupumua.

Kisha mtoto akaweka kisu chini. Nadhani alikuwa ameyasikia maneno ya mamake, maana aliniuliza taratibu, kama anayenifungulia mlango, "Ilikuwa ni dawa, Guka?"

Nikamwambia, "Si dawa. Sikuwa najua."