Pakia na Umbea

Jeju, tarehe 4 Novemba
Upepo mkali, leo hatuzami

Mwanangu Eunsil,

Nakusalimu mimi, anakusalimu paka, anakusalimu Mama Dongpil ambaye yuko hapa dirishani ananiuliza naandika nini. Huku wazima. Goti linaniuma mvua ikikaribia, lakini hilo ni goti, si ugonjwa. Wewe je, unakula? Mwandiko wangu unaujua, shule niliishia darasa la nne, mistari inapanda mlima. Ukichoka kusoma pumzika, kula chenza moja, kisha endelea. Nimekuwekea boksi zima.

Sasa kaa chini. Dongpil amempelekea mama yake picha kwenye simu. Mama Dongpil naye hakulala nayo, alinifuata mpaka shambani. Mwanamke yuko baharini, kabeba mtungi wa hewa mgongoni, anacheka. Nikamwambia huyo si wangu. Wangu anamsaidia daktari wa meno Seoul, bahari anaiona kwenye kalenda. Akaikuza picha. Kovu la kidevuni nalijua, siku ulipolipata nilikuwepo.

Na Mama Dongpil anasema Februari wewe na wenzako mnakwenda Bohol, Ufilipino, likizo ya kuzamia. Likizo, Eunsil. Sisi huku tunazama kuvuna konokono ili siku moja tupate likizo.

Nilikasirika siku mbili. Miaka yote nimekufukuza baharini kwa fagio, kumbe umeingia kwa mlango wa nyuma. Siku ya tatu nikaona hasira hainifungii mzigo wa mtu, nikaanza kufunga. Humu ndani utakuta majani ya pakanga, sugua nayo kioo cha miwani kisiingie ukungu. Jembe langu dogo la kubandulia konokono mwambani. Mchele wa kumpa Mfalme Joka, mwenye bahari, nimeufunga kwenye karatasi nyeupe, uurushe kabla hujalowa, hata kama ni bahari ya watu wengine adabu ni adabu. Vidonge vya kichwa, unameza kimoja kabla ya kuzama. Na mkanda wangu wa risasi wa ujanani, ule wa kunivuta chini, kilo sita. Aliyekuja kuchukua boksi aliniuliza nimemweka nani humu.

Unijibu. Usinijibu kwa simu, kwenye simu unasema ndiyo ndiyo tu.

Mama yako mzazi

*

Seoul, tarehe 11 Novemba

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, na machenza yameisha kwa sababu daktari ameyagundua. Goti ulipeleke kwa sindano, usimsikilize Mama Dongpil na matope yake.

Ni mimi kwenye picha. Najifunza mwaka wa tatu sasa. Nilianzia kwenye bwawa refu nje ya mji, kwa mwalimu mmoja anaitwa Tak. Sikukuambia kwa sababu ya fagio.

Mkanda naurudisha, mama. Ndege inaniruhusu kilo kumi na tano tu, na risasi zinakodishwa kulekule. Napakia miwani yangu inayonikaa usoni, suti nyembamba ya mpira maana maji ya kule ni ya moto, boya la kupuliza, na kile kisaa cha mkononi kinachohesabu kina na dakika. Pasipoti, bima, shati la kuzuia jua. Vidonge vya kichwa sivitaki, na wewe uviache, kichwa kikiuma ndiyo kinasema usizame. Jembe pia narudisha. Kule hatuvuni kitu. Tunaangalia tu.

Pakanga nabaki nayo. Na mchele.

Sasa na wewe kaa chini. Tulikuwa wanne, mmoja kajiondoa. Nafasi ipo. Njoo, mama. Sijawahi kuingia majini na wewe hata mara moja. Nimekuona ukishuka na nimekuona ukitoka, hapo katikati sijawahi kukuona. Ila sharti uje kwanza Desemba, mwalimu Tak akujaribu bwawani, na daktari akupime. Kanuni kubwa ya mtungi ni moja: usifunge pumzi. Kamwe.

Mwanao

*

Jeju, tarehe 20 Novemba

Eunsil mama,

Huku wazima na mimi nimeshapakia.

Barua yako niliisoma kibandani kwetu wazamiaji, tumeota moto wote, maana Mama Dongpil alisema asipoisikia atakosa usingizi. Yakaanza maneno. Bibi Gaeja akasema, Chunja, wewe mzamiaji wa daraja la juu, unashuka mita kumi na tano kwa kifua chako, unakwenda kuvuta hewa ya kopo? Mwingine akasema atanunua na maji ya bahari ya chupa. Kiongozi wa ushirika akanikumbusha mitungi ni marufuku kwetu. Nikamwambia marufuku ni kuvuna, mimi nakwenda kuangalia. Wakacheka mpaka kuni zikazima.

Na kweli hilo la kuangalia halijaniingia. Unashuka, unamkuta pweza, unamsalimia, unarudi mikono mitupu? Pweza mwenyewe atatuonaje?

Daktari kanipima, mapafu kasema ni ya msichana. Vidonge nimeviacha, nimempa Mama Dongpil. Mkanda umerudi salama, nimeutoa kwenye mzigo, nikaurudisha, nikautoa tena. Nimeweka kabichi yetu ya kimchi kopo mbili, pilipili ya kusaga, mwani mkavu, soksi za sufu, na gauni lenye maua la harusi ya Dongpil. Kilo kumi na nne na nusu, nimepima kwenye mizani ya konokono.

Kuhusu kupumua usihangaike. Eti nisifunge pumzi. Mwanangu, kupumua nimeanza siku niliyozaliwa, sijakosa hata siku moja. Mwambie huyo mwalimu Tak aandae cheti.

Mama yako, daraja la juu

*

Seoul, tarehe 16 Desemba

Mama,

Natumaini ulifika salama na ndege haikutikisika. Ya bwawani sikuyasema pale uwanja wa ndege. Naandika sasa.

Mwalimu Tak alikuambia mara nne. Hewa ya mtungi si ile unayoshuka nayo wewe kifuani. Ukiivuta chini kisha ukapanda umeifunga, inatanuka humo ndani, pafu linapasuka kama puto. Mita tano zinatosha. Uliitikia kwa kichwa mara zote nne.

Kisha ukaona kile kipande cha risasi alichoangusha mtu pale sakafuni. Mapovu yako yakasimama. Nikayaona yanasimama. Ukafunga pumzi, ukakiokota kama konokono, ukaanza kupanda kama kawaida yako, macho juu. Tak asingekudaka kifundo cha mguu na kukugonga kifua mpaka upulize, leo ningekuwa namwandikia Mama Dongpil. Na ulipotoka ukacheka, ukamwonyesha ile risasi.

Kuna jambo hulijui. Nilipokuwa na miaka saba nilikuwa nakaa kwenye mwamba nasikiliza miluzi yenu mkitoka kuvuta hewa. Kila mmoja ana wake. Wako unaanza chini unapanda. Ulikuwa ukizama naanza kuhesabu, ukipiga mluzi naacha. Siku moja nilifika mia mbili. Ulikuwa umetokea upande wa pili wa mwamba, sikujua. Nilikojolea nguo. Ulinichapa kwa ajili ya nguo.

Juzi bwawani nilianza kuhesabu tena.

Huendi Bohol, mama. Nafasi nimemwambia Tak ampe mtu mwingine.

Eunsil

*

Jeju, tarehe 9 Januari
Baridi, maji mafu, tumezama kwa saa tatu tu

Mwanangu,

Hujambo? Machenza ya mwezi uliopita nilikutumia bila barua. Nilianza tatu, zote nikawashia moto. Huyu mama yako ana maneno ya watu wote, yake mwenyewe yanamkwama.

Nguo ile naikumbuka. Ilikuwa ya njano. Sikujua. Nilidhani umecheza kwenye madimbwi. Ningejua ningepiga mluzi mpaka ndani ya nyumba, ningepiga nikipika. Nisamehe, mama.

Na ya bwawani ulisema kweli yote. Mimi nilidhani kufunga pumzi ni jambo ninalolifanya. Kumbe linajifanya. Mkono ukiona kitu chini, kifua kinajifunga chenyewe, miaka arobaini na mbili kimefundishwa hivyo. Sisi ukipumua chini umekufa. Nyie msipopumua mmekufa. Nilivyocheka pale nilikuwa sijaona uso wako, nimeuona ndani ya ndege, nilipofumba macho.

Nikawaeleza kibandani. Kisha Mama Dongpil akasema, lakini Chunja, wewe ufunge pumzi wapi? Humu hatujakuona umefunga mdomo tangu uolewe. Siku ukikaa kimya dakika moja tutaita gari la wagonjwa.

Wote wakaanguka kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nikasema, hebu rudia.

Eunsil, mtu akisema anatoa hewa. Huwezi kusema na kufunga pumzi, jaribu hapo ulipo. Nikaenda bafu la umma, nikamwomba mama mwenye bafu aniache kwenye lile birika kubwa, nikaweka kichwa majini na ule mrija wa kupumulia ulioniachia bwawani. Nikasimulia posa ya bibi Gaeja yote, tangu mshenga wa kwanza. Sikujifunga hata mara moja. Kasoro tu kwamba maneno yalikuwa yanatoka juu kwa mrija, na Gaeja alikuwa kwenye birika la pili. Hanisemeshi mpaka leo.

Nimefanya siku kumi na moja. Mama Dongpil anatupa konokono chini, naokota huku nasema. Mkono ukitaka kunifunga kifua, mdomo unaukatalia.

Sikuombi Bohol. Nakuomba bwawa mara moja tu. Tak akae karibu na mguu wangu. Nikifunga pumzi hata kidogo, naweka mwenyewe mkanda na miwani juu ya dari, tusisemane tena.

Mama yako

*

Seoul, tarehe 27 Januari

Mama yangu,

Shikamoo. Goti? Naandika haraka, bado siku tisa.

Tangu ulivyozama bwawani juzi, Tak anarudia kwamba amefundisha miaka kumi na minane, hajaona mtu akitoa mapovu mfululizo dakika thelathini na nane. Amesikia jina la Gaeja mara tatu, akaniuliza ni nani. Aliyechukua nafasi yako amehamia safari ya Machi, kwa hiyo nafasi ni yako tena, ila usimwage machozi ya furaha juu ya pasipoti.

Sikiliza mzigo. Pasipoti. Karatasi ya daktari. Suti na miwani ninavyo mimi, nimekununulia saizi yako. Dawa ya kichefuchefu cha boti. Shati la mikono mirefu. Kimchi kopo moja, si mbili, na ufunge kwa mifuko mitatu. Soksi za sufu acha, ni nchi ya joto. Gauni la maua njoo nalo. Jembe likionekana uwanjani nakukana.

Pakia na umbea. Mpya, wa kutosha dakika arobaini mara mbili kwa siku, siku nne. Usiumalize kwenye ndege.

Mwanao

*

Jeju, tarehe 12 Februari

Mwanangu Eunsil,

Nimefika, paka amenuna, kimchi ya huku ni baridi na tamu. Ngozi inanichunika pua, Mama Dongpil anasema nimekuwa kama kiazi. Ulikula jana? Ulikuwa unasinzia uwanjani.

Kibandani nimeulizwa nimeleta nini, nikasema sijaleta kitu, nimeangalia. Bibi Gaeja, maana ameanza kunisemesha kwa ajili ya habari, akauliza umeangalia nini muda wote huo. Nikawaambia. Miaka arobaini na mbili nimeiona bahari kama mtu aliyetumwa dukani na mvua inakuja. Unachukua ulichofuata, unakimbia. Kule nilikaa. Yule kasa alikuwa anatafuna majani, mimi namweleza habari za mshahara wa kiongozi wa ushirika, akamaliza kutafuna, akaendelea kunisikiliza. Pweza nilimwona siku ya pili, kwenye shimo lake. Mkono ulitaka. Nikamwambia, leo una bahati, nimekuja na mwanangu. Mchele wa Mfalme Joka ulipokelewa, hukuona samaki walivyougombea?

Wewe ulikuwa unasikia bwebwebwe tu, najua, ulikuwa unacheka mpaka miwani inaingia maji. Lakini si yote yalikuwa ya Gaeja. Siku ya tatu, pale ukutani penye matumbawe mekundu, ulipokuwa umenishika mkono, nilikuambia kwa nini nilikuwa nakufukuza na fagio. Nilikueleza yote, na mama yangu alivyobaki chini, mimi nina miaka tisa, nimekaa kwenye mwamba uleule. Juu sijaweza kukuambia. Chini yalitoka yenyewe, pamoja na hewa. Nawe ulitazama mapovu yangu bila kuacha, kama mtu anayesoma.

Kitu cha mwisho, halafu nilale. Siku ile ya kufungia safari, wewe ulitangulia kupanda botini. Mimi nilitoka nyuma ya boti, upande usioniona. Mluzi haukuja, maana hakuna pumzi iliyofungwa ya kuutoa, kifua kimetulia kama cha mtu aliyeamka. Nikakuona mgongo. Umesimama, mtungi bado mgongoni, hugeuki huku wala huku, umeinamisha kichwa. Mtu mzima wa miaka thelathini na nne. Midomo yako naiona kwa pembeni, inacheza. Nikajua unahesabu, na umefika ngapi.

Basi nikaung'oa ule mpira mdomoni, nikakusanya midomo, nikapiga mluzi wa makusudi, unaoanza chini unapanda.

Mwakani jembe naliacha bila kuambiwa.

Mama yako mzazi