Mbeleko Imefunika Betri

Jumatano

Halafu ananiuliza nimenuna nini.

Mwezi uliopita ile baiskeli yake ya umeme ilitaka pedi za breki. Wiki iliyopita, cheni. Leo Baba Tumaini karudi na asali ya kuuza kutoka Sikonge, anasema mchanga umekula tairi la nyuma na ameshaagiza jipya. Kandambili zangu nimezifunga kwa waya, hajaziona.

Najua baiskeli ndiyo inayotulisha. Najua. Lakini anavyoifuta taratibu, spoki moja moja! Mimi mara ya mwisho kuulizwa kama mgongo unauma...

Jioni nimetafuta mbeleko ya Tumaini nyumba nzima. Nikaikuta chumbani, imefunika betri.

“Betri haitaki vumbi, Mama Tumaini.”

“Na mwanao anataka nini?”

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikaichukua mbeleko, nikamwambia ainame, nikamfunga mtoto mgongoni kwake, fundo kifuani.

“Sasa nitembee naye mpaka saa ngapi?”

“Mpaka chaji yake iishe.”

Nikakaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Tumaini akalala palepale, shavu kwenye mgongo wa baba yake. Na mtoto naye nikamwonea wivu, kama ile baiskeli.