Siki Kwenye Miche ya Nyanya

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, mguu umepunguza kuuma, na baba kifua kimemwachia. Sisi hapa tunapumua. Mjukuu wako ameota meno ya juu na sasa anatambaa kama amefukuzwa. Ukigeuka kidogo tu, yuko uani anakula udongo.

Mama, najua bado una hasira. Siku ile kwenye simu nililia, nikakuambia mama mkwe ananiita muuaji wa mimea mbele ya majirani, ukasema nifunge virago, kaka atakuja kutuchukua mimi na mtoto. Tafadhali mwambie kaka asije kwanza. Naandika kwa sababu kwenye simu ningelia tena, na kuta za nyumba hii ni nyembamba. Soma mpaka mwisho ndipo unigombeze.

Kisa chote ni magugu. Mama mkwe ana bustani nyuma ya nyumba, nyanya, karoti, vitunguu na pilipili kando ya ukuta. Safari hii magugu yamekuja kama yamealikwa. Yeye huyang'oa kwa mkono, amepiga magoti juu ya gunia asubuhi nzima, halafu usiku mgongo haumpi usingizi. Nilimhurumia. Dawa za dukani niliziogopa kwa ajili ya huyu mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Mwenzangu mmoja pale kwa dobi ninapofua mashuka akanishauri tutumie vitu vya jikoni: siki na sabuni ya maji kidogo, vipulizwe kwenye majani ya magugu jua likiwa kali, na maji yanayochemka yamwagwe kwenye nyufa za njia ya saruji. Chumvi alinikataza kabisa, alisema inaua udongo. Basi nikajaza chupa ya kupulizia, nikamwonyesha mama mkwe namna ya kupuliza, nikamwachia. Alicheka sana, akauliza tangu lini magugu yakatengenezwa saladi.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Nyufa zikawa safi, mgongo ukatulia. Kisha miche ya nyanya ikaanza kufa. Majani yakageuka kahawia, yakajikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto. Mama mkwe akasema ni mimi, nimetia kitu kingine kwenye chupa, mkono wangu una sumu. Akanibandika jina la Bibi Siki. Fundi viatu wa jirani akalidaka, kila nikipita ananiuliza leo nimetoka kuua nini. Mume wangu, aliyeko safarini na lori, akasema tusimchoshe kwa ugomvi wa majani, ila akaongeza kwamba mama yake alikuwa analima kabla yeye hajazaliwa, hawezi kukosea. Hapo ndipo nilipokupigia simu, na virago nikafunga kweli.

Jumanne umeme ulikatika kazini, tukaruhusiwa mapema. Nikapita mlango wa nyuma. Mama mkwe yuko bustanini na chupa, anapuliza polepole, kwa makini, mche mmoja wa nyanya baada ya mwingine. Gugu refu kando ya mguu wake hakuligusa. Nikasema moyoni, kumbe! Anaua miche yake mwenyewe ili nifukuzwe. Damu ilinichemka mama, nikataka kuwaita majirani waje washuhudie. Lakini akaweka chupa chini, akachukua birika lililokuwa linatoa mvuke, akageukia njia ya saruji. Mtoto alikuwa amekaa pale pale njiani, anachezea kifuniko. Akaliinamisha birika.

Sijui nilifikaje. Nilimnyakua mtoto, na maji yakamwagika mahali alipokuwa amekaa. Nikamfokea mama mkwe, Mungu anisamehe, nikamuuliza kama ni kipofu.

Aliuliza kwa sauti ndogo kama mtoto ameungua. Nilipomwambia hapana, alikaa chini kwenye udongo. Akapapasa, akashika jani la mche aliokuwa ameupulizia, akalisugua kwa vidole, akalinusa, akasema hii ni nyanya. Ndipo akanieleza. Tangu nikiwa na mimba ya mtoto huyu anaona ukungu, na ukungu unazidi. Akipiga magoti anajua mche na gugu kwa kugusa, hakosei. Mimi kwa huruma yangu nikampa chupa na birika, nikamsimamisha, na akisimama haoni kitu. Aliona aibu kusema. Ilikuwa rahisi kwake kusema mkono wangu una sumu.

Alinisihi nisimwambie mwanawe, maana atamkataza bustani na kumtoa mjukuu mapajani. Alikuwa analia, nikaahidi. Ahadi hiyo sasa inanilemea. Mtoto, niliyekuwa namwachia yeye, siku hizi naenda naye kazini, analala kwenye kikapu cha mashuka, na msimamizi ameshaanza kununa. Ijumaa nampeleka mama mkwe kwa daktari wa macho. Huenda kuna tiba, huenda hakuna, mimi nashikilia ile huenda ya kwanza. Virago nimefungua. Nikiondoka, nani atakaa naye?

Nilipofika hapa kwenye barua, mama mkwe aliingia, akakaa kitandani, akauliza ninaandika nini kirefu hivi. Ningeweza kumdanganya. Nilimsomea yote, hata pale nilipomdhania mabaya. Akasema nimekosea mahali pamoja: mtoto hakuwa na kifuniko, alikuwa na kijiko. Alikisikia kikigonga saruji, akadhani ni mimi nimerudi, niko jikoni. Anasema mlio huo haumtoki masikioni. Halafu akaniambia ananirudishia ahadi yangu. Jumapili mwanawe akirudi atamwambia mwenyewe, mimi nikae tu karibu naye.

Anakusalimu, mama, na anakuomba radhi kwa maneno aliyomwambia mwanao. Msalimie baba, na kaka mwambie nauli yake aitunze, atakuja kututembelea siku ya heri.

Ni mimi,
kitindamimba wako.