Breki za Pijo la Baba

Ndola, Zambia

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama, na goti lako limepata nafuu sasa mvua zikiwa zimepungua huko Misunkumilo. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na nshima ya huku ni ugali ule ule, ila wanabishana nami kuhusu jina. Je, ngedere wamekuachia mahindi mwaka huu?

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatalia kabla sijafika katikati. Barua huwezi kuikatiza, kwa hiyo isome hadi mwisho ndipo ukasirike.

Pale gereji bado mwanamke ni mimi peke yangu. Wenzangu wameacha kunicheka, siku hizi wananitania tu, na bosi ameniachia gari zima nilitengeneze mwenyewe. Ni kigari cha zamani cha michezo, chekundu, milango miwili, kiko chini kiasi kwamba ukikaa ndani unahisi makalio yanaburuza lami. Mwenyewe ni Mama Chanda, mwalimu mstaafu na mjane. Marehemu mume wake ndiye aliyekuwa akilipenda gari hilo. Injini iliwaka bila taabu nyingi. Shida ilikuwa breki.

Kile chuma kinachobana diski ya gurudumu ili gari lisimame, mafundi tunakiita kalipa. Kalipa za gari hili hazikuwa zake. Fundi fulani zamani alikosa zinazofaa akafunga za gari jingine, na hakuna aliyejua ni gari gani. Namba zimeliwa na kutu. Nilizipiga picha nikazunguka nazo kwenye maduka ya spea, kila muuzaji akataja gari lake. Niliagiza mara mbili raba za pistoni, kile kinachosukuma breki ndani ya kalipa, zote zikagoma kukaa. Bosi akaanza kusema tumrudishie mama wa watu gari lake, maana gari lisilosimama halimfai mtu. Nilikosa raha, mama.

Halafu Jumanne nilikuwa nasugua pedi kuukuu, kile kibao kinachogusa diski, iliyotoka ndani ya kalipa hizo. Kutu ilipoondoka nikaona pembe iliyokatwa na matundu mawili, na mkono wangu ukajua kabla sijajua mimi. Unakumbuka pasi yangu? Ile niliyokuwa nanyooshea nguo za mwanasesere pale barazani, ukanigombeza kwa sababu niliipitisha kwenye kitenge chako kipya? Ilikuwa pedi kama hii hii, iliyochakaa, ya Pijo, gari la baba. Nilikaa chini nikacheka, kisha nikalia kidogo, wenzangu wakadhani nimejiumiza.

Nikaenda kuulizia raba za Pijo. Zilikaa sawasawa. Lakini pistoni zenyewe zimeliwa na kutu, na raba mpya haiwezi kuzuia mafuta ya breki yasivuje hapo. Pijo chache zilizobaki huku nimezikagua, na pistoni zake ni mbovu kuliko hizi.

Mficha uchi hazai, unavyosema mwenyewe. Naomba kalipa za mbele za Pijo la baba.

Najua, mama. Tangu tumzike baba hujaruhusu mtu aguse hata kioo cha gari lake. Kila Jumapili unafunua turubai, unalifuta vumbi, unalifunika tena. Baba mdogo alipoleta watu wa vyuma chakavu uliwafukuza na mwiko, na mimi nilikuwa upande wako. Bado nipo. Sikuombi uliuze. Ila nakumbuka jinsi baba alivyoanza kuumwa. Alikuwa ametoka kufunga pistoni mpya, alizozisubiri mpaka barabara ya Tabora ikapitika. Alinawa mikono kwa sabuni ya unga akasema, "Kesho nitalijaribu mpaka Ilembo, nione kama linashika." Kesho yake hakuinuka kitandani. Breki zile hazijawahi kusimamisha gari.

Nilimweleza Mama Chanda habari zako. Akasema, "Mwambie mama yako asiharakishwe na mtu. Hata mimi nililifuta vumbi miaka mingi. Sasa nimechoka kulifuta, nataka linipeleke kanisani."

Ukikataa, nitakubali. Bosi atalirudisha gari, nami nitapewa jingine, na sitakununia, ingawa unajua kununa nakuweza. Ukikubali, mdogo wangu Deus amwite fundi Kasimu wa Ilembo, yule aliyefanya kazi na baba, azifungue. Mwingine asiguse. Akimaliza aliache gari juu ya mawe, pale pale lilipo, na Deus aufikishe mzigo Tunduma, nitakuja kuupokea.

Nisalimie Deus, mwambie aache kuendesha pikipiki kama anafukuzwa. Nisalimie shangazi muuza dagaa, nimekumbuka dagaa wake wa Karema kuliko ninavyoweza kuandika. Baba mdogo mwambie ya vyuma chakavu nimemsamehe. Na jirani yetu Msukuma anayekuletea maziwa, mwambie ng'ombe wake wakiingia tena kwenye mihogo yako nitapanda basi nije mwenyewe.

Jambo la mwisho, mama. Ukikubali, kabla Kasimu hajalegeza nati hata moja, ingia ndani ukae kwenye kiti cha baba. Breki ni ile ya katikati. Ikanyage taratibu, usikilize kama inashika au inazama. Baba hakuwahi kujua. Nataka wewe ujue kwanza, halafu uniambie.

Ni mimi binti yako, fundi wa pili wa nyumba hiyo,

Anastazia